Mtoto anaangalia unamsalimia nani: mwongozo kwa akina mama wa kanisani

Ibada ikiisha, mtoto wa miaka sita anayekufuata nyuma anajua tayari utaelekea wapi: kwa mashoga zako wa kila Jumapili, chini ya mwarobaini. Mama aliyekaa benchi la nyuma na kichanga mgongoni, asiyejulikana na mtu, anapita pembeni yenu na kutoka getini. Mtoto ameona. Kesho shuleni atamfanyia hivyohivyo mwenzake aliyehamia, wala hutajua alikojifunza.

Basi anzia hapo hapo, mlangoni mwa kanisa.

Dakika kumi baada ya ibada

Jiwekee sharti dogo: kabla ya kwenda kwa uliowazoea, msalimie mtu mmoja usiyemjua, mwanao akiwa amekushika mkono. Mmoja anatosha. Ukijipangia watano, Jumapili ya pili utakuwa umechoka. Jitaje wewe kwanza: "Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama Baraka, na Baraka mwenyewe ndiye huyu. Karibu sana, tukuite nani?" Mtoto naye atoe shikamoo yake.

Muulize anaishi mtaa gani, watoto wake wana umri gani, na kama ameshapata jumuiya ya karibu. Usimuulize baba wa watoto yuko wapi, wala kwa nini hakushiriki meza ya Bwana. Mama anayelea peke yake hulisikia swali la kwanza kila anakokwenda, na mara nyingi ndilo linalomfanya asirudi.

Kama amekuja na mtoto, mpe mwanao kazi ya kueleweka. Wa miaka 4 au 5 anaweza kumwonyesha mwenzake choo na bomba la maji. Wa miaka 7 au 8 ampeleke kwenye shule ya Jumapili, wakae benchi moja mpaka kipindi kiishe. Wa miaka 10 na kuendelea anatakiwa alikumbuke jina, na wiki ijayo amwite kwalo. Ila usiseme kwa sauti mbele ya watoto wote, "Huyu hana rafiki, chezeni naye." Umeshamtia aibu mgeni, na wanao wamejifunza kumwonea huruma badala ya kumzoea.

Mchezo nao una mitego yake. Chukua kombolela. Watoto hupenda kumpa mgeni zamu ya kutafuta, kwa sababu hakuna anayeitaka. Lakini anayetafuta ni lazima amtaje kwa jina aliyemwona, na mgeni hajui jina la mtu. Atasimama pale akinyoosha kidole, wenzake wanacheka, na hiyo ndiyo Jumapili yake ya mwisho. Mwambie mwanao mapema: raundi ya kwanza mgeni ajifiche pamoja nawe, na majina umtajie mkiwa mmejificha. Rede ni rahisi zaidi, maana kurusha na kukwepa mpira hakuhitaji kujua jina la yeyote.

Mwanao akiwa na haya, usimsukume. Asalimie kwa mdomo tu, au apunge mkono. Kumbusu au kukumbatia mtu asiyemjua kusiwe amri, na umwambie waziwazi kwamba kuwa mchangamfu si sawa na kuingia nyumbani kwa mtu au kupanda chombo chake bila mama kujua.

Maneno ya nyumbani

Sehemu hii ndiyo inayotushinda wengi. Mama anamkumbatia mwenzake kanisani, halafu kwenye bajaji ya kurudi anamchambua kuanzia viatu mpaka ndoa. Mtoto wa nyuma ya kiti hasahau. Kama una neno la kusema juu ya mtu, lisubiri mpaka mtoto alale, na ujumbe wa sauti kwenye simu usiusikilize kwa spika.

Angalia pia majina mnayowaita watu. Sema mtu mwenye ualbino, usiseme zeruzeru. Kiziwi ni neno ambalo viziwi wenyewe wanalitumia. Bubu ni tusi. Dada wa kazi ana jina lake, kwa hiyo "beki tatu" isisikike nyumbani hata kwa mzaha. Mtoto amwite dada Neema, aseme "naomba" na "asante", na dada ale chakula kilekile kwa wakati uleule. Nyumba ambayo dada anakula makombo jikoni haiwezi kumfundisha mtoto usawa hata ikisali asubuhi na jioni.

Utani wa makabila nao una mipaka. Mchaga na Mpare wakitaniana, kila mmoja anajua kujibu. Mtoto akilibeba neno hilohilo darasani kwa mwenzake asiye mtani, linageuka tusi, na mwalimu atakuita.

Mtoto akipaza sauti ndani ya daladala, "Mama, mbona yule hana mguu?", usimfinye wala kumziba mdomo. Ukifanya hivyo amejifunza kwamba ulemavu ni kitu cha kutisha. Jibu kwa sauti ya kawaida: "Ndiyo, anatembelea magongo. Msalimie." Mengine mtayamalizia nyumbani. Akiwa na rafiki mwenye ualbino, michezo ya nje ipangwe kabla ya saa 4 asubuhi au baada ya saa 10 jioni, au kivulini, kofia pana na mikono mirefu viwepo, na kwenye kitabu cha picha rafiki akae karibu na ukurasa, kwani wengi wao wana uoni hafifu.

Sherehe na sare

Kwa siku ya kuzaliwa ya watoto 15 wadogo, mchele kilo moja na nusu, nyama kilo moja na viazi nusu kilo vinatosha pilau. Ongeza sahani tatu za wasioalikwa, maana watoto wa mtaa watakuja tu, na wakibaki wamesimama getini mwanao anaona. Ukialika darasa zima isipokuwa wawili, umewatangaza hao wawili. Afadhali ualike wanne tu. Waambie wazazi zawadi si lazima, na zilizoletwa zifunguliwe wageni wakishaondoka.

Sare za kikundi cha akina mama ni jambo tunalolikwepa. Kitenge pamoja na ushonaji humweka mwenzetu mwenye kipato kidogo nje ya kwaya na nje ya picha. Yakobo aliliandika waziwazi: mwenye pete ya dhahabu anapewa kiti kizuri, maskini anaambiwa asimame. Pendekeza kitambaa cha kichwa cha rangi moja, au malipo ya kidogokidogo kuanzia miezi mitatu kabla. Pendekeza kikaoni, mwanao wa kike akiwepo kama inawezekana.

Jirani Mwislamu

Krismasi ukimpelekea pilau, hakikisha kuku amechinjwa na Mwislamu, na sufuria haijawahi kupikia kitimoto. Huna uhakika? Peleka vikavu: mchele, sukari, matunda. Usimwambie "kula tu, haina shida", kwani hapo hujamkirimu, umemjaribu. Mwezi wa Ramadhani usimtume mtoto nje na maandazi mchana kwenye baraza ambapo wenzake wamefunga. Ale ndani kwanza. Ukipenda kuchangia futari, uji au mihogo ifike kabla ya adhana ya magharibi, apeleke mtoto mwenyewe, abishe hodi, asubiri kukaribishwa.

Sahani yako itarudi na kitu ndani, pengine tambi au tende. Ikirudi, mwache mtoto aipokee na kusema asante kwa niaba ya nyumba, kisha sahani ya jirani isikae kwako zaidi ya siku mbili, wala isirudi tupu.