Wikendi Marseille: mambo ya kuzingatia kabla ya kufunga begi

Anza na upepo. Wengi wanaokwenda Marseille, mji wa bandari kusini mwa Ufaransa, kwa siku mbili hutafuta hoteli kwanza, kisha mgahawa, kisha boti ya Jumamosi asubuhi, na hali ya hewa huitazama mwisho kabisa, tena kwa kuulizia mvua tu. Kinachovuruga safari za huku mara nyingi si mvua. Ni mistral, upepo mkavu na wa baridi unaoshuka bonde la mto Rhône na kuifikia bahari kwa kasi inayoweza kupita kilomita 100 kwa saa. Aliyekulia pwani ya Afrika Mashariki amezoea pepo zenye majira yake: kaskazi ina miezi yake, kusi nayo ina yake. Mistral huzuka mwezi wowote, ukavuma siku moja au siku nne mfululizo, na anga wakati huo huwa safi, bila wingu. Ukichungulia dirishani utadhani ni siku njema ya kwenda baharini.

Upepo ukikaza, boti za kwenda kisiwa cha If hushindwa kutia gati na safari hufutwa asubuhi hiyohiyo. Bahari nayo hupoa, hata katikati ya kiangazi. Upepo hulisukuma nje tabaka la juu la maji, lile lililopashwa na jua, na maji baridi ya chini hupanda kushika nafasi yake. Maji yaliyokuwa nyuzi 24 katikati ya wiki huweza kushuka hadi 17 ifikapo wikendi, na mtu aliyebeba taulo kutoka mbali huishia kukaa mchangani akitetemeka. Tena kiangazi upepo huohuo hupandisha hatari ya moto msituni, na njia za milimani hufungwa.

Kwa hiyo panga siku mbili zinazoweza kubadilishana: moja ya bahari na mlima, moja ya mjini. Usiamue ipi itatangulia mpaka Alhamisi jioni, utabiri wa upepo ukishatulia. Usilipie mapema boti ambayo pesa yake hairudi.

Karatasi zako

Kama unaishi nchi nyingine ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa kawaida wa mipaka kati yao, tuseme Ujerumani au Uholanzi, kibali chako cha ukaazi kinakuruhusu kuingia Ufaransa bila viza kwa ziara fupi, hadi siku 90 ndani ya siku 180. Lakini beba pasipoti halisi pamoja na kadi ya kibali. Picha kwenye simu haitoshi, na ukaguzi ndani ya treni na viwanja vya ndege upo hata kama mpaka hauonekani. Kama kadi imeisha muda na umepewa karatasi ya kuonyesha kwamba umeomba upya, iulize ofisi iliyoitoa kama inakuruhusu kusafiri. Si kila karatasi ya namna hiyo inakurudisha nyumbani.

Anayeishi Uingereza na pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda au Kongo anahitaji viza ya Schengen, hata awe na ruhusa ya kudumu ya kukaa Uingereza. Ada ya mtu mzima ni euro 90. Bima ya safari iwe na kinga ya angalau euro 30,000. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ibaki na miezi mitatu zaidi baada ya siku ya kutoka. Ombi lipelekwe siku 15 kabla kwa uchache, lakini kinachokwamisha watu hasa ni kupata siku ya miadi, kwa hiyo anza miezi miwili kabla. Ukifikia kwa ndugu badala ya hoteli, mwenyeji ndiye anayetakiwa kuomba hati ya kupokea mgeni katika ofisi ya meya ya mji wake, nayo haitoki siku hiyohiyo. Tangu Oktoba 2025 wasio raia wa Ulaya wanaoingia kwa ziara fupi wameanza kusajiliwa alama za vidole na picha mpakani, basi jipe muda wa foleni.

Jambo dogo linalowaachisha watu ndege: baadhi ya mashirika ya bei nafuu humtaka asiye raia wa Ulaya aoneshe pasipoti na viza kwenye kaunta kabla ya kwenda kwenye ukaguzi, ingawa tiketi iko kwenye simu na hana begi la kukabidhi. Ukifika mlango wa ndege bila kufanya hivyo unaweza kurudishwa, na kaunta wakati huo imeshafungwa. Soma maelezo yaliyo kwenye tiketi. Begi la sentimita 40 × 30 × 15 hupita chini ya kiti karibu kwa kila shirika la Ulaya, na kwa siku mbili linatosha.

Kufika na kuzunguka

Uwanja wa ndege uko Marignane, kilomita 27 hivi kutoka katikati ya mji. Basi la uwanja huenda moja kwa moja hadi stesheni ya Saint-Charles kwa takriban euro 10, na njia ikiwa wazi hutumia nusu saa. Ijumaa jioni barabara hujaa, kwa hiyo usijiwekee meza ya chakula saa moja baada ya ndege kutua. Kutoka Paris treni ya kasi hufika Saint-Charles kwa saa tatu na kidogo, na tiketi hupanda bei kadiri siku inavyokaribia.

Stesheni iko juu ya kilima, na mbele yake kuna ngazi maarufu za mawe zenye vidato 104. Zitazame, piga picha, lakini kama una begi la magurudumu shuka kwa ngazi za umeme hadi metro iliyo chini ya stesheni hiyohiyo. Kutoka hapo hadi Vieux-Port, bandari ya kale, ni vituo viwili tu kwa laini ya M1. Kadi ya benki ya kugusisha hukubaliwa, na pasi ya saa 24 hulipa mapema kwa anayepanda basi na metro mara kwa mara. Gari la kukodi halina faida kwa wikendi. Maegesho ni shida, na gari lililoachwa na mabegi karibu na njia za milimani huvunjwa vioo.

Unapochagua pa kulala, tazama kwanza umbali wa kutembea hadi Vieux-Port, kisha uliza maswali mawili: kuna kiyoyozi, na kuna lifti? Nyumba za mtaa wa Le Panier ni nzuri kwa picha, lakini nyingi zina ngazi nyembamba za ghorofa nne. Mtaa wa Cours Julien una uhai wa usiku, na kelele zake hufika chumbani. Tazama pia kama timu ya soka ya Olympique de Marseille inacheza nyumbani wikendi hiyo. Uwanja wa Vélodrome huchukua watu zaidi ya 67,000, na siku ya mechi vyumba hupanda bei na laini ya M2 hufurika.

Siku ya bahari

Calanques ni mabonde membamba ya mawe ya chokaa ambayo bahari imeingia ndani yake, kusini mwa mji. Zimekuwa hifadhi ya taifa tangu 2012, na hapa ndipo wageni wengi hukwama kwa kutojua kanuni. Kuanzia 1 Juni hadi 30 Septemba njia za mlimani hufunguliwa au kufungwa kila siku kulingana na hatari ya moto, na tangazo la kesho hutoka leo jioni, mnamo saa kumi na mbili (18:00). Tangazo hutolewa kwa rangi; ikiwa nyekundu, hakuna kuingia. Litazame tangazo hilo kabla ya kulala, usisubiri kuamka.

Calanque ya Sugiton ina sharti lake la ziada. Katika kilele cha kiangazi, na baadhi ya wikendi kabla na baada yake, watu 400 tu huruhusiwa kwa siku, na lazima uwe umejiandikisha kwenye tovuti ya hifadhi. Hakuna malipo, na nafasi hufunguliwa siku tatu kabla. Anayekutwa bila uthibitisho hutozwa euro 68. Sababu ni ya kweli kabisa: hapo awali walishuka hadi watu 2,500 kwa siku, udongo ukakanyagwa mpaka mizizi ya misonobari ikabaki wazi na miche mipya ikashindwa kuota. Kwenda huko, panda basi la B1 hadi Luminy, kisha tembea karibu saa moja kuteremka. Kurudi ni kupanda, kwenye jua, kwa hiyo hesabu muda zaidi.

Beba lita mbili za maji kwa kila mtu, kwa kuwa njiani hakuna bomba wala duka. Vaa viatu vyenye soli inayoshika. Mawe yaliyopitiwa na miguu mingi yamelainika na kung'aa kama sakafu ya terazo, na kandambili huteleza hata pakiwa pakavu. Kiberiti na sigara ni marufuku. Simu hukosa mtandao mabondeni, kwa hiyo pakua ramani ukiwa hotelini.

Usipotaka mlima, basi la 83 kutoka Vieux-Port hufuata barabara ya ufukweni hadi fukwe za Prado. Visiwa vya Frioul viko nusu saa kwa boti, na If, yenye ngome ya karne ya 16 iliyogeuzwa gereza, ni karibu zaidi. Kiingilio cha ngome hulipwa kando na nauli. Kabla ya kujitosa angalia majini: konyeza, wale wengine huwaita yavuyavu, hufika kwa makundi kiangazi, na mguso wao huwasha vikali.

Siku ya mjini

Siku ya mistral iwe siku ya kuta nene. MuCEM, jumba la makumbusho la ustaarabu wa Mediterania lililofunguliwa 2013, hufungwa Jumanne, hivyo wikendi ni salama. Ngome ya Saint-Jean iliyounganishwa nalo kwa daraja la miguu haina kiingilio. Jirani yake, tangu 2022, kuna nakala ya pango la Cosquer, ambalo mlango wake halisi uko mita 37 chini ya maji na ndani mna michoro ya farasi na ndege wa enzi za barafu. Tiketi zake zina saa maalumu, kwa hiyo nunua mtandaoni mara tu unapoona utabiri wa upepo. Kanisa la Notre-Dame de la Garde halina kiingilio na basi la 60 hupanda hadi juu, ila baraza zake ni mahali pabaya pa kuwa upepo ukivuma.

Asubuhi wavuvi huuza samaki kwenye gati la Vieux-Port, na ifikapo mchana meza zimeoshwa. Noailles, dakika tano kwa miguu, ni soko la viungo, mihogo, ndizi za kupika na nyama halali. Beba noti ndogo. Makumi ya maelfu ya Wakomoro wanaishi mji huu, na anayejua Kiswahili atashangaa ni maneno mangapi ya Kikomoro anayadaka barabarani.

Chakula cha mchana migahawani huanza saa sita hadi saa nane, na baada ya hapo jiko hufungwa. Jumapili jioni na Jumatatu mingi haifunguliwi kabisa. Bouillabaisse, mchuzi wa samaki unaoupa mji sifa, huagizwa siku moja au mbili kabla, mara nyingi kwa watu wawili au zaidi, na bei kwa kila mtu mara nyingi hupita euro 60. Mapatano ya wapishi ya mwaka 1980 yanataka angalau aina nne za samaki kutoka kwenye orodha yao. Mchuzi huja kwanza na mikate iliyopakwa kitunguu saumu, kisha samaki wenyewe, wanaokatwa mbele yako. Ukiiona kwenye ubao kwa euro 25, hiyo ni supu ya samaki ya kawaida. Usiyetumia pombe uliza kabla ya kuagiza, kwani wapo wanaotia divai au pastis.

Begini

Koti jepesi la kuzuia upepo ni la lazima mwezi wowote. Mwavuli uache, maana mistral huupindua. Anayetoka Uingereza au Afrika Mashariki abebe adapta, kwa sababu plagi za Ufaransa ni za miguu miwili ya duara. Begi la mbele lenye zipu linafaa zaidi ya mkoba wa mgongoni ndani ya metro na pale Saint-Charles, ambako wezi wa mifukoni hupenda msongamano wa milangoni.

Acha nafasi ya sabuni. Sabuni ya kweli ya Marseille ni mche mzito usio na marashi wala rangi, umegongwa muhuri wa asilimia 72 ya mafuta: ya kijani ni ya zeituni, nyeupe hutengenezwa kwa mafuta ya mawese au ya mbata, na katika karne ya 19 mbata na ufuta kutoka Zanzibar vilikuja kukamuliwa hapahapa. Mche hupita ukaguzi wa uwanja wa ndege bila swali. Sabuni ya maji, mafuta ya zeituni na chupa ya tapenade (zeituni zilizosagwa) inayozidi mililita 100 huenda vikaishia pipani, kwa hiyo hivyo vinunue tu kama unarudi kwa treni.