Namna ya Kusoma Wasifu wa Mwanauchumi wa Kijerumani

Anayesoma wasifu wa mwanauchumi aliyesomea Ujerumani atazame kwanza mwaka aliohitimu, kwa sababu kabla ya mageuzi ya Bologna ya mwaka 1999, yaliyoleta Ulaya mfumo wa shahada ya kwanza na ya uzamili, kuenea vyuoni, mwanafunzi alimaliza kwa «Diplom», shahada moja ndefu inayokaribia uzamili wa leo. Usiitafsiri kuwa stashahada. Kufanya hivyo ni kumshusha msomi ngazi asiyostahili. «Diplom-Volkswirt» alisomea uchumi, na «Diplom-Kaufmann» alisomea uendeshaji wa biashara. «Dr. rer. pol.» ni uzamivu katika fani hizohizo.

Panapohitaji utulivu zaidi ni kwenye neno «Habilitation». Hiyo ni sifa inayopatikana baada ya uzamivu, kwa kawaida kwa tasnifu ya pili, nayo humpa msomi haki ya kufundisha somo lake kwa kujitegemea, ingawa haimpi kiti cha uprofesa. Kwa hiyo miaka mingi iliyopo kati ya uzamivu na uprofesa isidhaniwe kuwa ya uvivu. Vijana wa leo huenda wasiwe nayo kabisa, kwani tangu 2002 kuna njia ya «Juniorprofessur», nafasi ya uprofesa wa ngazi ya chini anayopewa msomi kijana bila kudaiwa Habilitation.

Jizoeze kwa wasifu wa Reinhard Selten, aliyezaliwa mwaka 1930 Breslau, mji ambao sasa ni Wrocław nchini Poland. Alihitimu hisabati Frankfurt mwaka 1957, akawa msaidizi wa profesa Heinz Sauermann, akapata uzamivu wa hisabati mwaka 1961, na Habilitation, safari hii ya uchumi, mwaka 1968. Tazama jinsi alivyovuka kutoka somo moja hadi jingine bila kelele. Kisha alikuwa profesa Berlin kuanzia 1969, Bielefeld kuanzia 1972 na Bonn kuanzia 1984. Kuhamahama huko si dalili ya kutotulia: kwa desturi profesa huitwa na chuo kingine, na mwito huo, «Ruf», ni heshima inayostahili kuandikwa.

Mwisho pitia orodha ya machapisho, na usiruke yale ya Kijerumani. Selten alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1994 pamoja na John Nash na John Harsanyi, lakini wazo lake kuu katika nadharia ya michezo, yaani uchambuzi wa maamuzi ya watu ambao matokeo yao yanategemeana, alikuwa amelichapisha mwaka 1965, kwa Kijerumani, miaka mitatu kabla ya Habilitation yake.