Namna Asasi ya Afya au ya Vijana Inavyoweza Kuomba na Kusimamia Msaada wa Kampuni ya Chakula

Kampuni za unga, maziwa, mafuta ya kula na vinywaji hupokea barua nyingi za kuomba msaada, na sehemu kubwa ya barua hizo hueleza shida kwa urefu kisha huomba chochote ambacho kampuni itajaliwa kutoa. Barua ya namna hiyo humwachia mfadhili uamuzi wote, na matokeo yake asasi huweza kupewa katoni za bidhaa ambazo wagonjwa wake hawapaswi kuzitumia, au kupigwa picha na hundi ya mfano wakati fedha zenyewe hazijaingia benki. Mwongozo huu ni kwa viongozi wa asasi ndogo nchini Tanzania, ingawa mengi yake yanawafaa pia wenzao wa Kenya, na msingi wake ni kwamba asasi iandike masharti yake yenyewe kabla ya kuandika maombi.

Uhusiano wa kampuni ya chakula na huduma za watoto na vijana unaweza kupangwa vizuri, na mfano unaostahili kusomwa ni wa Newman's Own ya Marekani. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1982 na mwigizaji Paul Newman pamoja na mwandishi A. E. Hotchner, ikaanza kwa kuuza mchuzi wa kutilia saladi, na tangu mwanzo faida yake yote ilielekezwa kwenye kazi za hisani. Mwaka 1988 Newman alifungua kambi ya Hole in the Wall Gang Camp huko Ashford, Connecticut, ambako watoto wenye maradhi mazito kama saratani na selimundu hupata nafasi ya kucheza na kuishi na wenzao huku wahudumu wa afya wakiwa karibu, bila familia zao kutozwa ada. Ninachokithamini zaidi katika mfano huu ni kwamba haja ya mtoto mgonjwa ndiyo iliyoamua sura ya huduma. Kampuni zetu nyingi hazikuundwa hivyo: hutoa sehemu ndogo ya faida, na mara nyingi fungu hilo hukaa katika idara ya masoko. Kwa hiyo ulizeni mapema fedha zinatoka katika idara gani, kwa sababu idara ya masoko itataka kuonekana, na ni lazima mjue mtaruhusu kuonekana huko kwa kiwango gani.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuchagua kampuni kwa kuangalia bidhaa zake. Kikundi cha vijana wenye kisukari hakiwezi kufundisha wanachama wake kupunguza sukari huku mabango ya soda yakiwa yametandazwa ukumbini, hata kama fedha za soda ndizo zilizolipia ukumbi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2023 mwongozo unaozitaka nchi ziwakinge watoto wa umri wote dhidi ya matangazo ya vyakula vyenye sukari, chumvi na mafuta mabaya kupita kiasi, na asasi ya vijana haina haja ya kusubiri sheria ya nchi ili ianze kuufuata. Kwa asasi zinazohudumia wajawazito na watoto wachanga jambo hili ni zito zaidi. Kanuni za kimataifa za uuzaji wa mbadala wa maziwa ya mama ni za mwaka 1981, na mwaka 1994 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulitaka ugawaji wa bure wa bidhaa hizo ukomeshwe katika sehemu zote za mfumo wa huduma za afya. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2012 kuhusu suala hilo. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga yakiletwa kama zawadi, yakataeni kwa barua ya heshima. Mama akiacha kunyonyesha kwa sababu ya kopo la bure, maziwa yake hupungua, na kopo linalofuata atalinunua mwenyewe.

Nyaraka hazihitaji maneno mengi: cheti cha usajili kutoka kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, namba ya mlipakodi, akaunti ya benki yenye jina la asasi, na taarifa ya fedha ya mwaka uliopita. Kwa Kenya, zingatieni kwamba Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013 ilianza kutumika Mei 2024. Kipo pia kipengele cha kodi ambacho asasi nyingi hukisahau. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004 kinairuhusu kampuni kuondoa mchango wake kwenye mapato yanayotozwa kodi, kwa kiwango kisichozidi asilimia 2 ya mapato ya biashara, iwapo anayepokea ametambuliwa kisheria kuwa asasi ya hisani. Usajili peke yake hautoshi, kwa kuwa utambuzi huo hutolewa na TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania. Asasi yenye utambuzi huo inapaswa kuutaja katika aya ya kwanza ya maombi, maana mhasibu wa kampuni atauona kabla hajafika kwenye picha za watoto.

Katika barua yenyewe, ombeni kitu kinachohesabika. Tuchukue mfano wa kliniki inayohudumia vijana 80 wanaotumia dawa kila siku, ambayo inataka kuwapa uji mara mbili kwa wiki. Kila kikombe kikichukua gramu 50 za unga, kwa wiki zitahitajika kilo 8, na kwa mwaka kilo 416. Idadi hiyo humwezesha meneja kukubali, kukataa au kukubali nusu yake, na kila jibu kati ya hayo lina manufaa kwenu. Lakini unga haujipiki. Gesi au mkaa, maji, vikombe, posho ya mpishi na usafiri wa kutoka ghalani vinahitaji fedha taslimu, na asasi iliyoomba unga peke yake hujikuta ikichukua fedha za dawa ili kupikia chakula cha msaada. Ombeni vyote viwili katika barua moja. Msisahau pia utaalamu wa wafanyakazi: mtaalamu wa chakula wa kiwandani anaweza kukifundisha kikundi cha vijana kusaga, kuchanganya na kuhifadhi unga wa lishe, ujuzi ambao watabaki nao hata ufadhili ukiisha.

Bidhaa zikifika, zikaguliwe kabla ya kusainiwa. Angalieni alama ya ubora ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lenye dhamana ya usalama wa chakula Tanzania Bara, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Andikeni katika makubaliano kwamba bidhaa itakayopokelewa iwe na angalau miezi kadhaa ya kutumika iliyobaki, kulingana na kasi yenu ya kugawa, vinginevyo ghala lenu litakuwa mahali pa kampuni kuondolea shehena isiyouzika. Kwa unga wa mahindi na mchanganyiko wenye karanga, ombeni majibu ya maabara ya shehena husika kuhusu sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka na karanga, hasa ile iitwayo aflatoksini. Viwango vya juu vinavyoruhusiwa Afrika Mashariki kwa unga wa mahindi ni mikrogramu 5 kwa kilo kwa aflatoksini B1 na 10 kwa aflatoksini zote kwa jumla. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, nayo huharibu ini, kwa hiyo haifai hata kidogo kumfikia kijana ambaye ini lake tayari linabeba mzigo wa dawa.

Makubaliano yawe ya maandishi hata msaada ukiwa mdogo. Kwa Tanzania, kanuni za mwaka 2018 ziliweka sharti kwamba mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 uwasilishwe kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Sehemu ya kushikilia kwa nguvu zaidi ni ile ya picha na majina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na picha ya kijana akiwa kwenye foleni ya kliniki ya VVU inatangaza hali yake ya afya hata kama jina halikuandikwa. Ipeni kampuni kitu kingine cha kuonyesha: jiko, magunia, mpishi aliyeridhia, au barua ya shukrani yenye idadi ya waliohudumiwa.

Ripoti ipelekwe kila robo mwaka, ikiwa na hesabu ya kilichopokelewa, kilichogawiwa, kilichoharibika na kilichobaki, pamoja na nakala za leja ya ghala. Kilichoharibika kitajwe waziwazi pamoja na sababu yake. Katika ripoti ya robo ya tatu wekeni ombi la mwaka unaofuata, kwa kuwa bajeti za kampuni nyingi hupangwa miezi kadhaa kabla ya mwaka wa fedha kuanza, na katika makubaliano ombeni kipengele kinachoitaka kampuni itoe taarifa ya miezi mitatu kabla ya kusitisha msaada, ili kliniki ipate muda wa kutafuta unga kwingine.