Kauli ya kutendwa kwa Kizungu: cheza na "be"

Wasee mnaoandika ripoti za kazi, ama mko na mtoto anajiandaa KCSE, shikeni hii. Wakati (tense) wote unabebwa na "be", kitenzi chenyewe hakisongi, kinabaki lile umbo la tatu tu (past participle): the road is closed, was closed, will be closed, has been closed, is being closed.

Penye Kiswahili kinatuponza ni kufiwa. Sisi tunaweka -wa hata kwa kufa, so mtu anaandika "I was died by my uncle" na Kizungu hakikubali kabisa juu "die" haina mtendwa wa kuletwa mbele, andika "my uncle died" ama "I lost my uncle". Happen pia hivyo, an accident happened, usiweke was, hii naiona kila mahali. Kunyeshewa nayo inawezekana bora usisahau "on": we were rained on.

"By" iache kama aliyefanya hajulikani, my phone was stolen in Gikomba inatosha. Lakini kwa hesabu ya chama tafadhali taja mtu, "the money was used" inaficha aliyetumia na wanachama wana haki ya kujua.