SOMO: Kutia nguo rangi ya nili kwa chokaa na tende

Somo hili ni la waliozoea batiki. Mnajua kostiki (soda kali) na haidrosalfaiti, au haidro (dawa ya kuondoa oksijeni kwenye rangi), zinavyofanya kazi: dakika chache tu na rangi iko tayari. Kwenye nili kanuni ni ileile, ila kazi ya haidro inafanywa na sukari ya tunda, na ya kostiki inafanywa na chokaa. Mikono inapona, pua inapumzika, lakini haraka mtaisahau.

Unga wa nili hauyeyuki kwenye maji, hata uuchemshe mchana kutwa. Sukari na chokaa zinauondolea oksijeni, unageuka maji ya manjano, nguo inayanywa, halafu hewa ya nje ndiyo inayorudisha bluu ndani ya uzi. Kwa hiyo ndoo tunainyima hewa, nguo tunaipa. Ukilishika hilo, kipimo kikikosewa kidogo bado utafika.

Mahitaji kwa ndoo ya lita 10. Unga wa nili gramu 50, chokaa iliyozimwa gramu 100, fruktosi (ndiyo hiyo sukari ya tunda) gramu 150. Uwiano huu wa 1:2:3 umeenezwa na Mfaransa Michel Garcia, mtaalamu wa rangi za asili. Fruktosi ni ngumu kuipata, na kwa kweli huihitaji: tende nusu kilo zinatosha. Chokaa iwe ile ya kupaka kuta, na mfuko uwe haujakaa wazi, maana chokaa ikipigwa na hewa muda mrefu hufa nguvu. Chokaa ya shambani, ile ya kupunguza tindikali kwenye udongo, haifai.

Hatua ya 1: nguo. Chemsha pamba na magadi na sabuni kwa saa moja, suuza. Merikani mpya ina wanga na mafuta. Usipovitoa, rangi itashika mabakamabaka. Shabu ya kushikisha rangi haihitajiki.

Hatua ya 2: tende. Toa kokwa, chemsha na maji nusu saa, ponda, chuja kwa kitambaa. Unachotaka ni yale maji matamu.

Hatua ya 3: nili. Tia unga kwenye chupa pamoja na maji ya uvuguvugu na vikokoto safi vichache, funga, tikisa hadi upate uji laini usio na madonge. Wengi huiruka hatua hii, kisha wanalalamika kuwa unga umeelea juu.

Hatua ya 4: kuunganisha. Jaza ndoo maji ya moto ya nyuzi 50 hivi, mimina maji ya tende, kisha nili. Vaa glovu na miwani, nyunyiza chokaa kidogokidogo huku ukikoroga taratibu kwa mzunguko mmoja. Usipige povu. Funika.

Hatua ya 5: kuisoma ndoo. Hapa ndipo pa kukaa. Baada ya saa moja hivi funua. Juu unatakiwa kuona utando unaong'aa kama shaba, na katikati povu la bluu iliyoiva. Sogeza utando kwa kijiko, chota maji ya chini, yatie kwenye glasi uyaangalie kwenye mwanga. Yakiwa na rangi ya chai ya rangi au manjano ya kijani, ndoo imeiva. Yakiwa bluu, bado: ongeza maji ya tende, pasha moto, funika tena. Usitie nguo kwa sababu umechoka kungoja.

Hatua ya 6: kuchovya. Acha masimbi ya chokaa yatulie chini. Lowesha nguo, kamua, izamishe polepole isibebe mapovu ya hewa, iache dakika 5 bila kugusa chini. Itoe ukiikamua karibu na uso wa maji. Itatoka kijani, na ndani ya dakika chache bluu itaanza kuingia kutoka kwenye mikunjo ya nje. Itandaze robo saa, chovya tena. Mara tatu hupata samawati. Mara nane na kuendelea unaikaribia kaniki ya zamani, ile pamba ya nili iliyokuwa ikiletwa na majahazi kutoka India. Ndoo nzito ya kuchovya mara moja haikupi weusi huo, inakupa rangi ya juujuu.

Hatua ya 7. Suuza, loweka kwenye maji yenye siki kidogo kuua chokaa, fua kwa sabuni, anika kivulini.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Morogoro: Mwalimu shikamoo. Tende zimepanda bei, naweza kutia sukari ya kawaida?

Marahaba mwanangu. Hapana, sukari ya mezani haiondoi oksijeni. Tumia ndizi zilizoiva hadi maganda yamekuwa meusi. Asali pia inafaa, ukiwa na moyo wa kuimwaga ndooni.

Dada wa Tanga: Nguo yangu inachafua mikono hata baada ya kufuliwa.

Hiyo ni nili iliyobaki juu ya uzi. Ndoo yako ilikuwa nzito mno au haijaiva ulipochovya. Fua kwa maji ya moto na sabuni mpaka maji yatoke meupe, na mara nyingine punguza nili, ongeza idadi ya kuchovya.

Mdau wa Mombasa: Ile bluu ya kufulia nguo nyeupe si nili hiyohiyo?

Inayouzwa madukani siku hizi kwa kawaida ni rangi nyingine, hukaa juu ya nguo na kuondoka na maji. Usiitie kwenye ndoo hii.

Mdau wa Kampala: Nitajuaje unga wa dukani umetoka kwenye mmea?

Kwa macho hutajua. Kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kuuza nili ya kiwandani mwaka 1897, na kiini cha bluu ni kilekile. Ya mmea huwa na uchafu mwingi zaidi, kwa hiyo ya kiwandani punguza kipimo.

Mdau wa Iringa: Kwetu kuna vichaka watu wanaviita mnili. Nichume?

Jamii ya mimea ya mnili, Indigofera, ina aina zaidi ya 700, na nyingi hazitoi rangi. Mojawapo inayotoa vizuri, Indigofera arrecta, ni ya asili ya Afrika, na Tanzania ipo. Jaribu hivi: ponda majani mabichi, yaloweke usiku kucha kwenye maji ya uvuguvugu, chuja uweke kwenye chupa, tia chokaa kiasi cha ncha ya kisu, tikisa kwa nguvu. Povu likigeuka bluu, rudi na kapu. Likibaki kijani, waachie nyuki maua yao.