Karatasi ya choo kwa kupima hewa ya ordinateri

Bandugu, kama uko na ordinateri (kompyuta) ya meza hapa Goma unajua vumbi yetu nyeusi ya mawe ya volkano, inaingia hata kwa sufuria yenye kifuniko. Jana nimejifunza kitu kidogo: funga sanduku ya mashini vizuri, iwashe, kisha shika kipande chembamba ya karatasi ya choo karibu na matundu ya nyuma, pale hakuna ventilateri (feni). Karatasi ikivutwa ndani, ni kusema ventilateri za kutoa hewa zinashinda zile za kuingiza, basi mashini inanyonya hewa kwa kila kitundu bila filtri (kichujio ya vumbi), na vumbi inakuja nayo, inalala kwa radiateri ya prosesa (chuma ya kupoza ubongo ya mashini) na joto inapanda. Yangu ilikuwa na mbili za kutoa na moja ya mbele, nikatoa ile ya juu nikaifunga upande wa mbele, nyuma ya filtri (hewa inatokea upande wa ventilateri wenye mikono ya plastiki, usigeuze vibaya kama mimi), tundu ya juu nikaziba na kartoni. Sasa karatasi inasukumwa inje. Ila acha moja nyuma itoe hewa ya moto.

Haitasaidia kama mbele ni kioo kizima bila matundu, ventilateri itavuta nini? Na filtri ikijaa vumbi karatasi itaanza tena kuvutwa, hapo uoshe filtri, ikauke kabisa mbele ya kuirudisha.