Kupima Uwezo wa Mgonjwa wa Dimensha Kuandika Wosia

Dimensha, yaani maradhi yanayodhoofisha kumbukumbu na fikra, haimnyimi mtu moja kwa moja haki ya kuandika wosia. Zungumza naye faraghani, bila warithi, katika saa ambazo akili yake hutulia zaidi, na umwache aeleze kwa maneno yake mwenyewe, kwani "ndiyo" tupu haithibitishi lolote. Kipimo cha kesi ya Banks dhidi ya Goodfellow, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1870, kinataka aelewe maana ya wosia, ajue kwa jumla mali yake, awakumbuke wanaostahili kufikiriwa, na uamuzi wake usipotoshwe na dhana za kimaradhi. Kusahau tarehe ya leo pekee si hoja. Akibadilisha wosia wa awali, muulize sababu, kisha unukuu majibu neno kwa neno.